Kutupa wanga Sumbawanga: jinsi ya kupunguza ugali bila kukata tamaa njiani

Tulipotangaza kwenye kipindi cha asubuhi kwamba watatu kati yetu hapa studio tumeanza kupunguza vyakula vya wanga, simu ya kwanza ilitoka Laela. Msikilizaji wetu, mama mtu mzima kwa sauti yake, alicheka kwanza, kisha akauliza: "Wanangu, mji wenyewe unaitwa Sumbawanga. Sasa wanga mkiutupa, mtakula nini?"

Wenyeji mnaujua utani huo. Wengi husimulia kwamba jina la mji wetu maana yake ni "tupa uchawi", na wanga wanaotajwa hapo ni wale wa usiku, si wa kwenye unga. Lakini swali la mama lilikuwa zito kuliko utani wake. Uwanda wa juu wa Ufipa unaishi kwa mahindi. Kwa miaka mingi Rukwa imetajwa pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma kama mikoa inayolilisha taifa. Ukimwambia mtu wa hapa apunguze wanga, umemwambia apunguze kile anacholima, anachouza na anachomkaribishia mgeni.

Makala haya ni jibu letu kwa mama yule, kwa urefu ambao dakika za redio hazikuturuhusu. Tutaeleza wanga ni nini, kwa nini kuupunguza kunaweza kupunguza uzito, tulichokula sisi wenyewe, mahali tulipokwama, na nani asijaribu bila kumwona daktari. Tuliyojifunza ni haya: kazi ngumu si kuchagua chakula, kazi ngumu ni kukishikilia baada ya ile wiki ya tatu.

Kwa nini tulianza

Mwezi Januari wauguzi waliokuja studio kuzungumzia shinikizo la juu la damu walitupima baada ya kipindi. Wawili kati yetu vipimo vilikuwa juu ya 140 kwa 90, kiwango ambacho mtu hutakiwa kufuatiliwa. Wa tatu, fundi mitambo wetu, presha yake ilikuwa nzuri ila kiuno kilikuwa kimemshinda. Yeye alimzika baba yake kwa kiharusi, na alipoambiwa apunguze uzito hakuuliza mara mbili.

Hatuko peke yetu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulionyesha kwamba asilimia 28 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au unene uliokithiri. Uzito wa namna hiyo huandamana na kisukari cha ukubwani, shinikizo la damu, magonjwa ya moyo na maumivu ya magoti.

Kazi yetu nayo inachangia. Mtangazaji hukaa. Hukaa kwenye bodaboda kuja kazini, hukaa mbele ya kipaza sauti, hukaa kuandika habari, halafu hula sahani ileile aliyokuwa akiila babu yake aliyeshika jembe kutoka alfajiri. Sahani haijabadilika, kazi ndiyo imebadilika. Mkulima anayetengeneza matuta kutwa nzima anahitaji nguvu ile, na makala haya hayamwambii aipunguze. Tunazungumza na mwenye duka, mwalimu, karani, dereva, fundi cherehani na sisi wa studio.

Wanga uko wapi kwenye sahani yetu

Wanga ni sehemu ya chakula ambayo tumbo huigeuza kuwa sukari ya damu. Uko mwingi kwenye nafaka, mizizi, ndizi na kila kilichotengenezwa kwa unga au sukari. Katika gramu 100 za unga wa mahindi, zaidi ya gramu 70 ni wanga. Mtu mzima anayekula ugali uliosongwa kwa robo kilo ya unga kwa mlo mmoja anapata takriban gramu 190 za wanga na kalori karibu 900, kabla ya mboga.

Hapa kuna mambo matatu ambayo wasikilizaji wengi walituuliza.

La kwanza ni dona. Unga wa dona una nyuzinyuzi nyingi kuliko sembe, una virutubisho zaidi na hushibisha kwa muda mrefu. Ni bora. Lakini wanga wake haupungui kwa kiasi cha kukuruhusu kula mlima.

La pili ni ulezi. Wazee wetu waliula kabla mahindi hayajatawala mashamba, na una kalsiamu nyingi kuliko mahindi. Hata hivyo nao ni nafaka, na wanga wake unakaribiana na wa mahindi. Uji wa ulezi wenye vijiko vitatu vya sukari si chakula cha kupunguza uzito kwa sababu tu ni wa asili. Na ulezi ukigeuka kimpumu, kilevi chenyewe kina kalori 7 kwa kila gramu, wakati gramu ya wanga ina 4.

La tatu ni kubadilisha. Kuacha ugali na kuhamia wali wa mchele wa bondeni, viazi, mihogo au chapati si kupunguza wanga. Ni mchezaji yuleyule aliyebadili jezi.

Kuna pia wanga usioonekana kama chakula. Soda ya mililita 350 ina sukari karibu gramu 37, zaidi ya vijiko vinane vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ni vizuri zaidi ikiwa chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima wa kawaida ni kama gramu 25. Soda moja imeshavuka hapo.

Wataalamu wengi huita "wanga kidogo" pale mtu anapokula chini ya gramu 130 kwa siku. Ipo pia njia kali zaidi inayoitwa keto, ya gramu 20 hadi 50 tu. Sisi hatukuifuata hiyo, na sababu tutaieleza.

Nini hutokea mwilini

Ukila wanga, sukari ya damu hupanda. Kongosho hutoa insulini, na insulini husaidia sukari kuingia kwenye seli itumike au ihifadhiwe. Sehemu huhifadhiwa kwenye ini na misuli kama akiba ya haraka inayoitwa glaikojeni. Inayozidi matumizi huchangia akiba ya mafuta, na akiba hiyo mara nyingi tunaijua kwa jina la kitambi.

Ukipunguza wanga, mwili huanza kutumia ile akiba ya haraka. Glaikojeni haikai peke yake. Kila gramu yake hushikamana na gramu tatu hivi za maji. Ndiyo maana wiki ya kwanza mtu huweza kupungua kilo mbili au zaidi na kushangilia. Sehemu kubwa ya kilo hizo ni maji, yanayotoka kwa njia ya haja ndogo. Mafuta huanza kupungua pia, lakini polepole.

Jambo hili tungeomba kila anayeanza alijue siku ya kwanza. Mizani ikisimama wiki ya tatu, dawa haijaisha nguvu. Maji yamekwisha, na sasa ndiyo yanapungua mafuta, kwa mwendo wao wa kawaida wa nusu kilo kwa wiki au pungufu ya hapo.

Sababu nyingine ya njia hii kufanya kazi ni shibe. Mtu anapopunguza ugali na kuongeza samaki, mayai, maharage na mboga za majani, protini na nyuzinyuzi humfanya ashibe mapema. Hula kalori chache bila kuhesabu. Hakuna miujiza nje ya hapo. Ukipunguza ugali halafu ukaogesha mboga kwa mafuta ya alizeti, kijiko kimoja kikubwa cha mafuta kina kalori kama 120, na utarudi ulikotoka.

Je, ndiyo njia bora kuliko zote?

Wazo hili si jipya. Mwaka 1863 huko London, mtengeneza majeneza aitwaye William Banting alichapisha kijitabu kueleza jinsi alivyopungua kwa kuacha mkate, sukari, bia na viazi. Mwaka 1972 daktari wa Marekani Robert Atkins aliliamsha tena wazo hilo kwa kitabu kilichouzwa sana.

Hapa Tanzania, mmoja wa waliolifanya liwe gumzo la mezani ni Profesa Mohamed Janabi, daktari bingwa wa moyo aliyeongoza Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, kisha Hospitali ya Taifa Muhimbili, na mwaka 2025 akawa Mkurugenzi wa Shirika la Afya Duniani Kanda ya Afrika. Mawaidha yake juu ya sukari, wanga na kufunga yalienea hadi yakawa utani. Mtu akijaza sahani, jirani anamtania kwa jina la profesa. Utani huo umefanya kazi ambayo mabango mengi hayakuifanya.

Lakini utafiti unasema nini? Mwaka 2005 watafiti wa Boston walichapisha matokeo ya watu 160 waliogawanywa katika aina nne za ulaji, mojawapo ikiwa ile ya Atkins ya wanga kidogo. Baada ya mwaka mmoja, aina ya ulaji haikuleta tofauti kubwa. Tofauti ililetwa na jinsi mtu alivyoshikilia aina aliyopewa. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walitangaza matokeo ya watu wazima 609. Baada ya miezi 12, waliopunguza wanga walikuwa wamepungua kilo 6.0 kwa wastani, na waliopunguza mafuta kilo 5.3. Tofauti hiyo ni ndogo mno kumpa yeyote ushindi. Ndani ya kila kundi walikuwamo waliopungua sana, na walikuwamo walioongezeka.

Kwa hiyo tunapokueleza njia ya wanga kidogo, hatusemi nyingine ni za uongo. Tunasema hii inafaa kwetu kwa sababu sahani ya Ufipa ina mlima mmoja mkubwa, na mlima huo ni rahisi kuuona na kuupunguza. Anayeweza kushikilia njia nyingine, aishikilie.

Tulichokula sisi

Tulianza Februari. Kanuni tulizojiwekea zilikuwa nne, na zote zilipimwa kwa mkono.

Kwanza, ugali ni ngumi moja kwa mlo, mara mbili kwa siku. Kwa makadirio yetu ngumi ya mtu mzima ya ugali mgumu ina wanga wa gramu 50 hivi. Pili, mboga za majani ni viganja viwili vilivyojaa: chainizi, mchicha, majani ya maboga, kabichi, au uyoga ulipopatikana. Tatu, kila mlo uwe na kitu cha protini. Nne, sukari kwenye chai inakwisha, na soda, maandazi na vitumbua vinabaki kuwa vya sherehe.

Ukijumlisha ngumi mbili za ugali, nusu kikombe cha maharage yaliyopikwa na kikombe cha maziwa, unakaribia gramu 130. Hapo ndipo tulipotaka kuwa.

Sababu ya kutoifuata keto ni maharage. Kwenye keto kali maharage hayaruhusiwi, kwa kuwa nayo yana wanga. Lakini Ufipa bila maharage tungebaki na nini? Ndiyo protini ambayo karibu kila nyumba inaimudu, yana nyuzinyuzi nyingi, na sukari yake huingia kwenye damu polepole. Njia inayokutaka uache chakula bora na cha bei nafuu ili ununue nyama kila siku haitadumu kwenye mfuko wa mshahara wetu.

Kwa samaki tumebarikiwa pande zote mbili. Ziwa Tanganyika linatuletea dagaa na migebuka kupitia Kasanga, Kipili na Kirando, na Ziwa Rukwa linatuletea perege. Dagaa wakavu ndio waliotuokoa. Kikombe kimoja cha dagaa waliokaangwa na nyanya na vitunguu hulisha watu kadhaa, hakihitaji jokofu, na kina protini nyingi kuliko nyama ya uzito uleule kwa kuwa maji yamekwisha kutoka. Mayai ya kuchemsha tulikuja nayo studio mfukoni. Karanga tulikula kiganja kimoja tu, kwa sababu ukikaa na bakuli la karanga kwenye zamu ya usiku utaamka bakuli likiwa tupu.

Mlo wa asubuhi ndio ulikuwa mgumu. Tulizoea chai ya maziwa yenye sukari na maandazi mawili saa mbili, baada ya taarifa ya habari. Tulibadili kuwa mayai mawili na chai ya tangawizi isiyo na sukari. Siku nne za kwanza vichwa viliuma na hasira zilikuwa karibu. Kunywa maji ya kutosha na kutoondoa chumvi yote kwenye mboga kulisaidia. Siku ya saba hali ilikuwa ya kawaida.

Mahali tulipokwama

Pa kwanza ni mizani kusimama, na hilo tumeshalieleza. Dawa yake ni kuacha kupima kila siku. Tulichagua Jumamosi asubuhi kabla ya chai, mara moja kwa wiki. Usipokuwa na mizani, tumia kamba. Kata kamba yenye urefu wako kutoka kisigino hadi utosini, ikunje mara mbili, kisha izungushe kiunoni usawa wa kitovu. Ncha zikikutana, kiuno chako hakizidi nusu ya urefu wako, na hiyo ni dalili nzuri. Zisipokutana, weka fundo pale zilipofikia. Fundo likisogea, unaendelea vizuri hata kama mizani imenyamaza. Fundi mitambo wetu aliitundika kamba yake kwenye msumari nyuma ya mlango wa studio, na ilitupa moyo kuliko hotuba yoyote.

Pa pili ni msimu. Kuanzia Machi mahindi mabichi yanachomwa kila kona, na harufu hiyo haijui habari za mtu kupunguza uzito. Tulifanya hivi: hindi moja la kuchoma linahesabiwa kama ngumi ya ugali. Ukila hindi, jioni ni mboga na dagaa tu. Hatukujikataza, tulibadilishana. Kipindi cha baridi kali cha Juni na Julai nacho kina mtihani wake, maana kwenye uwanda uliopo karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari mwili unataka kitu cha moto. Supu ya samaki au ya mboga hufanya kazi ambayo tulidhani ni ya uji peke yake.

Pa tatu ni ugeni. Tulialikwa harusi kijijini, na tulipochukua ngumi moja ya ugali, shangazi mmoja alisimama: "Wanangu, chakula chetu kina kasoro gani?" Kukataa chakula cha mwenyeji ni kumkataa mwenyeji. Tulijifunza kuanza na mboga na nyama, kula taratibu, kusifu kwa dhati, na kumega matonge madogo ili mkono uendelee kwenda kwenye sahani wakati wengine wanakula. Anayeona mkono wako unakwenda haesabu matonge.

Pa nne panauma zaidi. Ukipungua, watu hawakusifu, wanakuuliza unaumwa nini. "Dada, mbona umekonda, kuna tatizo nyumbani?" Kwetu kunenepa ni kunawiri, na kukonda kunanong'onezwa. Mwenzetu wa dawati la habari alipofikisha wiki ya tano, maneno ya mtaani yalimfikia mama yake mzazi kabla yeye hajayasikia. Mama akaja na kuku wawili, unga na machozi. Mwenzetu aliacha. Alikula kama zamani kwa wiki tatu, ili watu wanyamaze.

Alirudi wiki ya nane, na alichofanya tofauti ni kumwambia mama yake kila kitu kwanza. Alikwenda naye kituo cha afya, mama akapimwa presha, na yake pia ikaonekana iko juu. Tangu siku hiyo mama ndiye mlinzi wa sahani. Ushauri wetu kwa anayeanza ni huu: kabla hujapunguza tonge la kwanza, waambie watu wawili ambao maneno yao yanakuumiza zaidi. Wakijua mapema, watakuwa wa kwanza kukutetea.

Hapa tuongeze onyo. Kupungua ambako hukukutafuta ni jambo jingine kabisa. Ukipungua bila kubadili ulaji, ukiwa na kikohozi cha wiki mbili au zaidi, jasho la usiku, kiu isiyoisha au kwenda haja ndogo mara kwa mara, nenda ukapimwe. Kifua kikuu na kisukari hukondesha, na vyote vina matibabu.

Pa tano ni kuteleza. Kila mmoja wetu aliteleza. Siku ya chipsi mayai na soda mbili itakuja. Tulikubaliana kwamba kosa la mlo mmoja linarekebishwa mlo unaofuata, si Jumatatu ijayo wala baada ya Pasaka. Anayesubiri Jumatatu hula Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi na Jumapili zote kwa kisingizio kimoja.

Sahani yako si sufuria ya nyumba nzima

Hili ndilo tungependa mlibebe hata mkisahau mengine yote. Mkoa wetu unavuna chakula cha kuuza nje, lakini watoto wetu ni miongoni mwa waliodumaa zaidi nchini. Utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulikuta asilimia 56 ya watoto wa Rukwa wenye umri chini ya miaka mitano wamedumaa. Ule wa 2022 ulikuta bado ni karibu nusu. Maana yake nyumba moja inaweza kuwa na baba mwenye kitambi na mtoto mfupi kuliko umri wake, wakila kwenye sufuria moja.

Kwa hiyo baba akiamua kupunguza wanga, asipunguze unga wa nyumba. Mtoto anayekua, mama mjamzito na mama anayenyonyesha hawapunguzi uzito kwa njia hii. Kinachotakiwa kuongezeka kwa kila mtu ni mboga, maharage, dagaa, mayai na maziwa. Kinachopungua ni ngumi ya ugali kwenye sahani ya mtu mzima anayekaa kutwa. Wala isiwe kwamba baba ameacha ugali, sasa dagaa wote ni wake. Kama protini ya nyumba ni ndogo, aanze mtoto. Wewe shibia mboga za majani na maharage.

Tumeona uzuri mmoja hapo. Nyumba ya fundi mitambo walipoanza kununua dagaa mara tatu kwa wiki kwa sababu ya kitambi chake, walionufaika zaidi ni watoto wake wawili.

Nani amwone daktari kwanza

Kama una kisukari na unatumia insulini au vidonge vya kushusha sukari kama glibenklamaidi, usipunguze wanga kwa ghafla bila daktari wako kujua. Dawa iliyopimwa kwa ugali mwingi ikikutana na ugali kidogo, sukari inaweza kushuka hadi ukaanguka. Wenye ugonjwa wa figo wasiongeze protini bila ushauri. Wanaotumia dawa za presha wapimwe mara kwa mara, maana presha ikishuka huenda dozi ikahitaji kubadilishwa, na anayeibadilisha ni daktari, si wewe. Anayetibiwa kifua kikuu anahitaji kuongeza uzito, si kupunguza. Wenye maradhi mengine ya kudumu waulize kwenye kliniki zao.

Na usijiwekee lengo la kutisha. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002, uliofuata watu zaidi ya 3,000 waliokuwa karibu kupata kisukari, ulionyesha kwamba waliolenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi kama ya kutembea dakika 150 kwa wiki walipunguza hatari ya kuugua kwa asilimia 58. Kwa mtu wa kilo 82, asilimia 7 haifiki hata kilo 6. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano. Ukishuka bodaboda mapema ukapanda kilima kwa miguu, umeshaanza.

Tulipofika

Baada ya wiki kumi na tano, mmoja wetu alikuwa amepungua kilo sita, mwingine kilo tatu, na aliyeacha akarudi alikuwa amepungua kilo mbili na nusu. Si picha za kuweka kwenye bango. Lakini kipimo cha presha cha mmoja wetu kimeshuka chini ya 140 kwa 90, mwingine bado anafuatiliwa kliniki, na ncha za kamba ya fundi mitambo zimebakiza upana wa vidole viwili zikutane.

Mama wa Laela alipiga tena simu mwezi Mei. Tulimjibu swali lake hewani: wanga hatujautupa, mama, tumeupunguza ukawa ngumi, na mahali ulipotoka tumeweka dagaa na majani ya maboga. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi hiyo ngumi iwe ya mkono wangu. Wa mzee wangu ni mkubwa mno."

Tumeichukua hiyo kama kanuni ya tano.